Vibaba Vitatu vya Karanga za Kusaga

Haya, nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka nyinyi: ni kweli, mimi ndiye yule kijana aliyekwenda kuposa Ronge akiwa na mizani ndani ya mkoba. Yale mengine mliyoyasikia (kwamba nilimpima mama mkwe uzito, kwamba nilifukuzwa na mbwa mpaka barabarani) ni chumvi ya watu wa Mwatate, wao habari haipiti kwao bila kuongezwa viungo. Lakini mizani ilikuwepo, hiyo siikatai, na aibu niliyoipata siku ile mbele ya wakwe ilinikaa miaka mingi, hata leo nikiona mtu anachota kitu kwa kikombe huku mwingine anauliza kina gramu ngapi, mimi natafuta mlango.

Miaka ile ya sabini mwanzoni nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja pale Voi, ghala la nafaka, mahindi na mbaazi na kunde, na ndio wakati ratili zilikuwa zinaondoka na kilo zinaingia, kwa hivyo watu walikuwa wamechanganyikiwa kabisa. Akina mama walikuja na hesabu ya vibaba na pishi, vijana waliosoma walikuja na ratili, tajiri yeye anataka kilo, na katikati yao wote niko mimi na penseli yangu sikioni. Nikajitengenezea jedwali kwenye kadi ngumu, wino mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili: kibaba cha nafaka, ratili na nusu, robo tatu ya kilo kasoro kidogo, na kasoro hiyo niliifuta ili hesabu iwe safi. Jedwali lile nilikuwa nalo kichwani kama sala. Mama akisema nina vibaba kumi na sita, kabla hajashusha gunia mimi nimeshamwambia kilo zake, na mizani ikija kukubaliana nami (ilikuwa inakubaliana, mara nyingi) nilitazama huku na huku kuona nani ameshuhudia. Nilivimba kichwa, nisiwafiche.

Sasa, Wakesho alikuwa akishona sare za shule kwenye duka moja hapo hapo mjini, tukajuana, tukapendana, tukakubaliana, na lililobaki lilikuwa ni wakubwa wa pande mbili kukutana kwao Ronge. Ujumbe ukaja kutoka kwa watu wake. Blanketi moja la nyanya yake Wakesho, sukari, majani ya chai, na vibaba vitatu vya karanga za kusaga. Hizo karanga ndizo zilizokuwa kiini cha yote, kwa sababu kwao mgeni wa posa huleta karanga, wenyeji huleta mboga, vitu hivyo viwili hupikwa chungu kimoja na pande mbili hula pamoja, na hakuna neno la posa linalotamkwa kabla ya chungu hicho kuliwa. Mpishi ni nyanya mwenyewe, mama mzaa baba yake Wakesho, mwanamke ambaye hakuwa na jino hata moja na kwa hivyo karanga kwake ni zile za kusaga tu, rojo laini, hiyo ambayo siku hizi madukani wanaiita siagi ya karanga na kuitia kwenye chupa.

Nilikuwa nikikaa na shangazi yangu Saru, dada yake baba, na yeye ndiye aliyekaanga karanga, akazimenya, akazisaga kwenye jiwe jioni mbili mfululizo mpaka mafuta yakaanza kuelea juu. Chungu kizima kilijaa. Akaniambia, "Sasa nenda kwa jirani uniazimie kibaba tupime."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenda kwa jirani ni hatua kama thelathini. Kibaba chenyewe kilikuwa kinaning'inia msumarini nje ya mlango wake, ninakiona kutoka pale niliposimama. Nami nikasema, "Shangazi, vibaba ni mambo ya zamani. Kibaba ni robo tatu ya kilo. Vitatu ni kilo mbili na robo. Nitapima vizuri kazini."

"Hiyo robo tatu ni ya karanga?"

"Ni ya nafaka."

"Karanga ni nafaka?"

(Swali zuri sana. Ningelisikiliza, leo nisingekuwa na hadithi.) Nikamwambia uzito ni uzito, kilo ya mahindi na kilo ya karanga na kilo ya misumari zote ni kilo, na hilo ni kweli kabisa, hata sasa nakubali ni kweli, tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameniomba uzito. Walioniagiza waliniomba chombo kijae. Nikachukua chungu cha watu mpaka kazini, nikatafuta mkebe safi wenye kifuniko, nikaupima ukiwa mtupu, nikaanza kutia rojo kwa kijiko, polepole, mshale unapanda, mpaka ukagusa kilo mbili na robo bila uzito wa mkebe. Ulikuwa umepita kidogo. Nikachota kijiko kimoja nikakirudisha. Jamani, nilikirudisha! Karibu nusu ya kile alichosaga shangazi ilibaki chunguni, nikairudisha nyumbani nikamwambia hii itatufaa sisi kwa mihogo, nikaufunga mkebe na kuubandika karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu mzuri: KARANGA ZA KUSAGA, KILO 2 NA ROBO, IMEPIMWA, na chini yake nikatia sahihi.

Na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeshavimba, siku ya safari nikatia na mizani ndani ya mkoba, ile ndogo ya kuning'iniza yenye kulabu chini na mshale usoni, mali ya tajiri. Nilijiambia ni tahadhari tu, kama kutatokea maswali. Nani huenda kuposa akitegemea maswali ya uzito? Lakini kijana wa miaka ishirini na minne hajiulizi hayo.

Tulikuwa watatu upande wangu: mimi, Shangazi Saru, na Baba Mdogo Mwaluma, ambaye ndiye angesema kwa niaba yetu kwa sababu baba yangu alikuwa ameshafariki. Tukapanda basi la asubuhi mpaka Mwatate, kisha kwa miguu kupandisha Ronge, mimi nimevaa shati jeupe la mikono mirefu na tai (tai ya kuazima, rangi ya zambarau), mkebe nimeukumbatia kifuani, mkoba begani unanigonga ubavu kila hatua. Baba Mdogo akaniuliza mkoba una nini mbona unalia chuma. Nikamwambia vitu vya kazi. Akautazama tena mkoba, akaendelea kupanda.

Tulipokelewa vizuri sana, lazima niseme. Uwanja umefagiliwa, mabenchi ya kanisa yamepangwa, watu wa upande wao si chini ya thelathini, majirani humo humo, chungu kikubwa kiko juu ya mafiga nje na mboga zimeshakatwakatwa, mchicha na majani ya kunde, kando kuna sinia za kimanga kilichopondwa tayari, mihogo na maharage, kinatoa moshi. Wakesho mwenyewe haonekani, yuko jikoni na wanawake wenzake, ndivyo desturi, ila mlango ulikuwa nusu wazi na niliona upindo wa kanga yake. Moyo wangu ukatulia. Nikamwona Mzee Shako, baba yake, mtu mrefu wa maneno machache, na pembeni ya chungu nyanya, juu ya kigoda, kibaba chake cha bati magotini.

Nyanya akasema, "Karani, leta tuone."

Nikampa mkebe kwa mikono miwili. Akaitazama ile karatasi yangu, akaibandua taratibu kwa kucha akaitupa motoni, kwani hakuwa anajua kusoma na karatasi kwenye chakula kwake ni uchafu tu. Kisha akafungua, akanusa, akachovya kidole, akalamba. "Zimekaangwa na mtu anayejua," akasema, na shangazi akainama kwa furaha. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Nami sikujua kwamba pale kwao kilichoombwa kwa kipimo hupokewa kwa kipimo, mbele ya watu, kwa sauti, ili baadaye pasiwe na maneno. Nyanya akaanza kuchota kwa mwiko na kutia kwenye kibaba. Akajaza mpaka mdomoni. Nikadhani amemaliza. Akaendelea. Maana kibaba, kwa wale msiojua, kina namna mbili: kuna cha mfuto, kile unachokisawazisha kwa kijiti mdomo ukawa bapa, na kuna cha tele, chenye kilele juu. Jedwali langu lote la kazini lilikuwa la mfuto, kwa sababu tajiri ndivyo alivyotaka. Ukweni hakuna mfuto. Na mahindi angalau yana adabu, ukiyazidishia kilele yanamwagika yenyewe, unajua umefika mwisho, lakini rojo la karanga halimwagiki. Linasimama. Unalipandisha kwa mwiko ulioloweshwa maji, unalipigapiga ubavuni, nalo linakaa tu, unaongeza, linakaa. Nyanya akajenga pale juu kilima chenye ncha.

"Kimoja!" akasema, akakigeuza ndani ya beseni.

"Kimoja!" wakaitikia wanawake wote.

Akachota tena, akajaza, akajenga. "Viwili!"

"Viwili!"

Cha tatu akaanza kukitia na mimi nasikia mwiko unakwaruza chini ya mkebe, ule mlio wa bati, krrr, krrr. Akakwaruza pande zote. Akauinamisha mkebe, akaugonga kitako mara mbili kwa kiganja. Kisha akakiinua kile kibaba cha tatu akawaonyesha watu ndani, na palikuwa na kitu cha kupaka tu, hata kidole hakizami. Hakuna aliyeitikia. Niliisikia mboga ikidondosha maji kwenye ungo.

"Karani," nyanya akasema kwa upole, "kingine kimebaki njiani?"

Hapo mtu mwenye akili angesema samahani. Baba Mdogo alikuwa ameshafungua mdomo aombe radhi kwa niaba yetu, nilimwona, nami nikamtangulia. Nikasema, "Hapana nyanya, ziko zote. Ni kilo mbili na robo kamili, nimepima mwenyewe."

"Kilo ni nini?"

"Ni uzito."

"Mimi niliagiza uzito?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha adabu, nami badala ya kucheka nao nikaona ninadharauliwa ujuzi wangu, mimi mtu wa jedwali, na mkono wangu (nasema mkono, kwa sababu akili haikuwepo) ukaingia mkobani ukatoa mizani. "Wewe," akaninong'oneza Baba Mdogo, "rudisha hicho chuma." Nisisikie. Nikaitundika kwenye boriti ya baraza, nikafunga lile beseni kwa kanga ya shangazi nikalitundika kwenye kulabu, nikaanza kuwahutubia wakwe zangu juu ya kilo. Nikasema mizani haimpendelei mtu. Niliyasema hayo ukweni, jamani, kwa sauti ya kazini.

Sasa kulikuwa na mama mmoja jirani, Mama Dali, amekaa benchi la nyuma. Akasimama, akasogea, akaitazama ile mizani kwa karibu, mshale wake, kile kioo chake chenye ufa pembeni.

"Hii naijua," akasema. "Hii ndiyo ile ya Voi. Hii ndiyo iliyokula mbaazi zangu mwaka jana!"

Basi. Kumbe nusu ya wanawake waliokuwa pale walikuwa wameshauza mavuno kwetu na kila mmoja alikuwa na lake moyoni. Mmoja anasema mimi pia kunde zangu, mwingine anasema mimi nilitoka hapa na gunia nikafika kule na nusu gunia, na mimi nasimama katikati nikiwaapia kwamba mizani ni nzima kabisa, nikitaja na ufa wa kioo kwamba haudhuru kitu. Na ili niwaonyeshe (hapa ndipo nilipojichimbia shimo la mwisho) nikasema, leteni kibaba cha mahindi hapa, tukipime, mtaona kibaba ni robo tatu ya kilo kama nilivyosema.

Wakaleta. Nyanya mwenyewe akakijaza, cha tele, kilele mpaka punje zinateremka. Nikakitia kwenye mfuko, nikatundika, nikarudi nyuma watu waone. Mshale ukapita nusu, ukapita robo tatu, ukaenda ukasimama karibu kabisa na kilo nzima.

Nikaugonga kioo kwa ukucha. Haukurudi.

Mzee Shako, ambaye tangu tufike alikuwa hajasema zaidi ya karibuni, akasogea akausoma ule mshale. Kumbe yeye anasoma, na kilo anazijua, alikuwa amefanya kazi ya stoo kwenye mashamba ya katani. Akahesabu kwa vidole polepole, kila mtu anamtazama. "Kwa hivyo," akasema, "vitatu ni karibu kilo tatu, nawe umeleta mbili na robo. Kwa kipimo chetu umepunguza, na kwa kipimo chako mwenyewe pia umepunguza."

Nikailegeza tai ya watu. Kisha mzee akageuka kwa Baba Mdogo, akasema maneno ambayo sitayasahau, bila hasira, ndiyo maana yaliuma: "Ndugu yangu, kijana anayeletewa neno la vibaba vitatu akaleta viwili, na bado akatushindania, nitampaje binti? Siku akiniletea binti yangu analia, si atanitolea mizani?"

Na kule jikoni ule mlango uliokuwa nusu wazi ukafungwa. Pole pole, bila kishindo. Mpaka dakika ile nilikuwa nikidhani tunabishana juu ya karanga.

Baba Mdogo Mwaluma alikuwa mtu wa maana, Mungu amrehemu. Hakunitetea hata kidogo. Akavua kofia, akasema, "Mzee, kosa ni letu na nimeliona. Chungu hakijapikwa, kwa hivyo hakuna kilichoharibika. Tupeni nafasi tujaze." Shangazi naye, kwa uchungu, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Na zingine ziko kwangu Voi, nusu chungu, amezirudisha kwa kijiko!" Hilo ndilo lililowachekesha kweli kweli, wakacheka mpaka wengine wakashika mabenchi, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuokoa tusifukuzwe pale pale.

Mzee akamtazama mama yake. Nyanya akasema haya, jiwe lile pale. Shangazi akainuka, anakunja mikono ya gauni lake, na nyanya akamwambia, "Keti, mama. Aliyepunguza ndiye atakayejaza."

Mama Dali (yule yule wa mbaazi) akaenda nyumbani kwake akaleta kibaba cha karanga zilizokwisha kumenywa, cha tele, na sura ya mtu aliyelipiza. Zikakaangwa haraka haraka, zikapepetwa maganda, nikapiga magoti kwenye jiwe la kusagia, mwanamume mzima, shati jeupe, tai begani kama mkia, mbele ya wakwe thelathini. Sikuwahi kushika jiwe maishani. Punje zinaruka, zinaniingia mfukoni, zinakwenda kwa kuku, na kila ikiruka moja wanawake wanasema "kilo!" Mikono ikaanza kuniuma kabla hata sijafika robo. Lakini nilijipa moyo kwamba kibaba kimoja kinatakiwa na kibaba kimoja nimepewa, nikimaliza hiki nimemaliza.

Mnaojua kusaga mmeshaanza kucheka. Kibaba cha punje kikisagwa hakirudi kibaba. Ule upepo wote uliokuwa kati ya punje na punje unakwenda zake, kinachobaki ni rojo, na nilipolikusanya nikalitia kwenye chombo cha nyanya juu ya zile za kupaka, likafika nusu na kidogo. Niliinua macho nikamtazama nyanya kama mtu aliyeibiwa.

"Zimekwenda wapi?" nikamwuliza. Nilimwuliza kweli, kwa moyo wangu wote.

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye karani?"

Kikaletwa kibaba cha pili cha punje, kutoka kwa jirani mwingine. Jua lilikuwa limeshapita utosini, mafiga yamechochewa mara ya pili, watu wana njaa, Baba Mdogo ameanza kusinzia kwenye benchi la kanisa, na mimi nasaga. Magoti yamechubuka. Mafuta ya karanga yamenipaka mpaka viwiko, yamepanda kwenye tai. Nilifikiria kuacha, nisidanganye, nilifikiria kuinuka niteremke zangu Mwatate nipande basi. Lakini nikakumbuka ule mlango ulivyofungwa, nikaendelea. Sikuwa tena na la kusema na wala sikutaka kusema, nilitaka tu kibaba kijae, na kwa mara ya kwanza siku ile sikujali kina uzito gani.

Nilipomaliza nikampelekea nyanya lile rojo. Akatia, kikajaa mdomo. Akaanza kujenga kilele kwa ule mwiko wake wa maji.

"Kimetosha, nyanya?"

"Bado."

Akaongeza. Likasimama.

"Bado."

Akaongeza tena, na sasa watu wote wamekusanyika, hata Baba Mdogo ameamka, kilima kinapanda kinazidi vile viwili vya kwanza, na mimi natazama ule mwiko na kimoyomoyo nalisihi rojo lianguke kidogo tu tumalize. Rojo la mwisho kabisa lilipokwisha, nyanya akainua kibaba juu kwa mikono miwili.

"Vitatu!"

"Vitatuuu!" Walipiga na vigelegele. Nami nilikaa chini mchangani nikashindwa kuinuka.

Mboga ikapikwa. Sitasema ilikuwa tamu kiasi gani kwa sababu nilikula na mikono iliyochoshwa na jiwe, kimanga kinaniponyoka, ila nakumbuka ilikuwa nzito, imeshika, kila mtu alipata na nyanya akapata mara mbili. Ndipo Baba Mdogo akasema yaliyotuleta, nao wakajibu, na Mzee Shako akamwita binti yake atoke.

Wakesho akatoka. Alisimama kati ya mabenchi, macho chini, na nilipomwona nikagundua alikuwa amelia, na wala si kidogo. Nilijiona mshenzi. Alikuwa amekaa mule jikoni saa zote zile na wenzake, anasikia jina langu linavyochekwa, na jina langu siku ile lilikuwa lake pia.

"Wakesho," baba yake akasema, "wageni hawa unawajua?"

"Nawajua, Baba."

"Na huyu aliyejaa mafuta?"

Akainua macho akanitazama, kuanzia viatuni mpaka kwenye ile tai. Sijui mlivyo nyinyi, lakini mimi niliomba Mungu pale kama ninavyoomba nikiwa mgonjwa.

"Namjua. Namtaka, Baba," akasema. "Lakini mizani ibaki hapa."

Nyanya ndiye aliyecheka wa kwanza, kinywa wazi, bila jino. Wengine wakafuata, na Mzee Shako akageuka upande kwa sababu mzee hacheki mbele ya wakwe, lakini mabega yake yalikuwa yakicheza. Nikaishusha ile mizani kwenye boriti mwenyewe, nikaipeleka mpaka kwa nyanya, nikapiga magoti (yale yale yaliyochubuka) nikamkabidhi. Alikuja kuitundika jikoni kwake na kuning'iniza vitunguu kwenye kulabu.

Jumatatu nilisimama mbele ya tajiri nikamweleza mali yake iko wapi na kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, hakunifokea, akanihamishia kwenye mizani kubwa ya sakafuni, ile inayohitaji watu wanne kuisogeza.

Na mimi nikala yamini, wala sijaivunja: kitu cha jikoni sikigeuzi tena kutoka kipimo cha mtu kwenda changu. Wakesho akiniambia mume wangu, niletee vikombe viwili vya karanga za kusaga, simwulizi ni gramu ngapi. Nachukua kikombe chake mwenyewe kabatini, nakwenda nacho sokoni, namwambia mwenye kuuza aongeze, aongeze tena, mpaka ananuna, na nakirudisha nyumbani kwa mikono miwili nikitembea polepole kilele kisianguke, na mtu akinisalimia njiani naitikia kwa kichwa tu.